Vincent Bach, Mpiga Tarumbeta Aliyegeuka Fundi

Vyombo vya kupulizwa vina majina mengi katika Kiswahili, na kila jina lina mahali pake. Mbiu ni pembe ya kuitia watu. Panda na baragumu zatajwa katika vita na sherehe. Siwa ni chombo cha enzi, kama ile ya pembe za ndovu iliyotoka Pate na ile ya shaba ya Lamu, ambazo zamani hazikupulizwa ila kwa idhini ya wakubwa wa mji. Lakini tarumbeta ni jina la ugeni. Twalipata kwa Wareno, nao wasomaji wetu wamelizoea katika Maandiko, mahali Musa anapoagizwa kufanya tarumbeta mbili za fedha kwa kazi ya kufua. Tofauti kubwa baina ya siwa na tarumbeta haimo katika madini, wala katika urefu. Siwa ina tundu ubavuni, na mpigaji huweka midomo yake juu ya tundu lile lile lililotobolewa. Tarumbeta hupulizwa kwa nyuma, tena si katika bomba lenyewe, bali katika kipande kidogo mfano wa kikombe ambacho huchomekwa na kuchomolewa. Kipande hicho tutakiita kinywa cha tarumbeta. Habari tunayotaka kuieleza yahusu kipande hicho, kisichozidi urefu wa kidole, na mtu aliyekipenda hata akaacha kiti chake katika okestra ya Opera ya Metropolitan kwa ajili yake.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1890 katika mji wa Baden, karibu na Vienna, katika dola ya Austria na Hungaria iliyokuwako siku zile. Jina la ukoo wake lilikuwa Schrottenbach. Alipoanza kupiga tarumbeta mbele ya watu alilikata jina hilo akabakiza mwisho wake tu, Bach. Basi wasomaji wasidhani kuwa ni wa ukoo wa yule mtunga nyimbo wa Leipzig ambaye nyimbo zake twaziimba makanisani. Hawana udugu. Elimu aliyosomeshwa ilikuwa ya ufundi wa mitambo, na kama angaliwasikiliza watu wa busara wa siku zake, angalikuwa mhandisi mwenye mshahara wa hakika. Lakini alifuata tarumbeta, akawa mpigaji wa peke yake mbele ya wasikilizaji, akazunguka nchi kadhaa za Ulaya. Twaomba jambo hili likumbukwe, maana watu wengi wakisimulia maisha yake husema kwamba aliacha muziki akajifunza ufundi, na kwa kweli mambo yalikuwa kinyume: ufundi ulitangulia, ukalala miaka michache, kisha ukaamka.

Mwezi wa Agosti 1914 vita vikuu vilipoanza, Bach alikuwa Uingereza. Kwa siku chache tu mgeni aliyekuwa akipigiwa makofi akawa raia wa dola adui. Hakukaa akangoja kukamatwa. Alipata njia ya kuvuka bahari, akashuka New York mwaka ule ule. Yasimuliwa kwamba alikuwa na dola 5 tu mfukoni. Masimulizi ya namna hii hupendwa sana Marekani, wala hatuoni haja ya kubishana juu ya hesabu ya dola. Lililo hakika ni kwamba alikuwa kijana wa miaka 24, hana ukoo wala mji, na mali yake ilikuwa pumzi yake na midomo yake.

Mpigaji wa fidla akiumia mguu aweza kupiga bado. Mpiga tarumbeta akipasuka mdomo, riziki yake imekwisha siku hiyo. Midomo ndiyo inayotetemeka na kuzaa sauti. Bomba la shaba, ambalo kwa tarumbeta ya kawaida lina urefu kama wa sentimeta 148 likinyoshwa, huikuza sauti hiyo na kuipa rangi. Na baina ya midomo na bomba kipo kile kinywa. Kina ukingo unaogusa midomo, ndani yake kikombe, chini ya kikombe koo jembamba kama milimeta 3 na nusu hivi, kisha njia inayopanuka kidogo kidogo hata kuingia katika bomba. Ukingo ukiwa mkali mno, hukata. Ukiwa mviringo mno, midomo haina mahali pa kushika. Kikombe kikiwa kirefu sauti huwa nzito na nene, kikiwa kifupi sauti huwa kali na za juu hutoka kwa wepesi. Nusu ya milimeta yatosha kumfanya mtu yule yule aonekane kana kwamba hajui kupiga.

Huko Marekani Bach alimwandikia Karl Muck, kiongozi wa okestra ya Boston, naye alipomsikia akampa kazi. Alipiga Boston katika msimu wa 1914 hadi 1915, kisha akahamia New York, akawa mpiga tarumbeta wa kwanza katika okestra ya Opera ya Metropolitan. Kwa mhamiaji aliyefika juzi, hapakuwa na daraja iliyopita hiyo.

Mwaka 1916, katika safari ya kupiga muziki miji mbalimbali, alikuwa Pittsburgh, akampelekea fundi kinywa chake kitengenezwe. Fundi akakiharibu. Hatujui alikikwangua ukingo au alilipanua koo, ila Bach alipokitia mdomoni hakikuwa kile tena. Ndipo alipotambua jambo ambalo wapigaji wote walilijua na hakuna aliyelitafutia dawa: kwamba kinywa kizuri kilikuwa kitu cha bahati. Mtu alikipata kwa rafiki au katika kapu la vyombo vikuukuu, akakitunza kama hirizi, na kikipotea hakuna awezaye kumtengenezea mwenzake. Mafundi walitengeneza kwa macho na kwa mazoea, na viwili vilivyotoka katika mkono mmoja siku moja havikulingana.

Mpigaji mwingine angalilia, akatafuta kingine. Bach alikuwa na ile elimu ya mitambo iliyolala. Akaanza kupima. Mwaka 1918 alinunua mashine ya kukereza ya kusukumwa kwa mguu, kwa dola 300, akaiweka katika chumba nyuma ya duka la vyombo vya muziki la Selmer mjini New York. Huko alikereza vinywa, kwanza vyake na vya rafiki zake, baadaye vya kuuza.

Hapa yafaa tusimame kidogo tutazame mwaka huo, maana wasifu wa watu wa biashara aghalabu huupita upesi. Marekani ilikuwa imeingia vitani na Ujerumani mwezi wa Aprili 1917, na na Austria na Hungaria mwezi wa Desemba mwaka huo. Tangu hapo wanamuziki waliozaliwa katika nchi hizo walitazamwa kwa jicho la shaka. Karl Muck, yule aliyempokea Bach, alikamatwa mwezi wa Machi 1918, akafungwa katika kambi ya Fort Oglethorpe katika jimbo la Georgia, na mwaka 1919 akafukuzwa nchini. Okestra nyingine ziliacha kupiga nyimbo za Wajerumani kabisa. Bach yeye alivaa sare za nchi iliyompokea: aliingia jeshini, akawa kiongozi wa bendi ya kikosi cha 306 cha mizinga katika kambi ya Camp Upton, akawafunza wapigaji wa jeshi. Basi watu wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, walitoka katika dunia ile ile ya muziki na kukaa katika mji mmoja. Yule mkubwa aliishia nyuma ya seng'enge, na yule mdogo mbele ya bendi ya jeshi. Hatutaki kumfanya mmoja msaliti na mwingine mwaminifu. Twadhani tu kwamba mtu aliyeona jinsi kiti cha okestra kinavyoweza kung'olewa chini ya mtu kama Muck, alikuwa na sababu njema ya kutaka kazi ambayo haikutegemea fadhili za wenye okestra, wala jina la nchi alikozaliwa.

Vita vilipokwisha alirudia kukereza. Yakumbukwa tangazo lake moja la siku hizo lililowaahidi watu kuwa mabingwa wa koneti bila kufanya mazoezi. Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha bendi ya watoto atacheka, na inafaa acheke. Lakini chini ya majisifu hayo palikuwa na neno la kweli. Kijana aliyepewa kinywa kisichofaa midomo na meno yake hufanya mazoezi mwaka mzima, na anachokizoea ni kupigana na chuma.

Kazi yake kubwa, kwa maoni yetu, haikuwa kutengeneza kinywa kizuri kuliko vyote. Ilikuwa kuweka hesabu. Alivipa vinywa namba kwa upana wa kikombe: namba 1 ni kipana, na kadiri namba inavyokua, upana wapungua. Kisha akaongeza herufi kwa urefu wa kikombe: A ni kirefu, C ni cha wastani, zile za mbele ni vifupi zaidi. Kile kiitwacho 7C, ambacho wanafunzi wengi duniani wamepewa pamoja na tarumbeta yao ya kwanza, kimepimwa kuwa na upana wa milimeta 16.20, 3C ni 16.30, 1C ni 17. Msomaji aone jinsi vipimo vinavyokaribiana. Baina ya 7C na 3C ni sehemu moja ya kumi ya milimeta, na mdomo waona tofauti. Tangu hapo mpigaji aliyepotewa na kinywa chake angeweza kuandika barua yenye herufi mbili tatu, akapata ndugu yake. Hirizi ikawa kipimo. Watengenezaji wengine walifuata vipimo vyao wenyewe, hata wengine walipanga namba kwa kinyume, lakini ukiwauliza wapigaji wa leo kinywa fulani ni kikubwa kiasi gani, mara nyingi watakujibu kwa kukilinganisha na namba za Bach.

Hakuwa wa kwanza kupita njia hii ya kutoka kwenye kupiga hata kwenye kutengeneza. Heinrich Stölzel, mtu wa Pless katika Silesia, alikuwa mpiga pembe ya shaba. Pembe na tarumbeta za siku zake hazikuweza kutoa sauti zote za ngazi ya muziki, ila zile chache ambazo bomba hujaliwa kwa urefu wake. Mwaka 1814 Stölzel alitangaza huko Berlin vali ya kufungua njia ya pembeni na kulirefusha bomba kwa dakika ile ile, na mwaka 1818 yeye na Friedrich Blühmel walipewa hati ya Prussia ya kuilinda. Mwaka 1838 Mfaransa Périnet aliitengeneza vali ya pistoni karibu na ile tunayoiona sasa. Huko Marekani kwenyewe, katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, alikuwako Charles Gerard Conn, mpiga koneti aliyeumizwa mdomo. Naye kwa ajili ya maumivu hayo alitengeneza kinywa chenye ukingo wa mpira, akapata hati yake mwaka 1875, na kutoka hapo akaanzisha kiwanda kilichokuwa miongoni mwa vikubwa vya vyombo vya muziki. Msomaji ameona kwamba Conn na Bach wote wawili waliingia katika ufundi kwa mlango wa kinywa, mmoja kwa mdomo ulioharibika na mwingine kwa chuma kilichoharibika.

Mwaka 1924 Bach alianza kutengeneza tarumbeta nzima. Hapo nasi twaona uhamiaji wake wazi kuliko katika jambo lingine. Katika okestra za Vienna tarumbeta ina vali za kuzunguka, nayo hulazwa ubavu ipigwapo. Desturi hiyo ipo hata leo. Bach, mzaliwa wa kando ya Vienna, hakuichukua. Alitazama tarumbeta za Besson za Ufaransa zilizosifiwa sana siku zile, zenye pistoni, akazichunguza kwa vipimo vyake, akatengeneza chombo ambacho si cha Austria wala si cha Ufaransa. Alikipa jina la Stradivarius, kwa kumkumbuka yule fundi wa fidla wa Cremona aliyefariki 1737. Majivuno hayo hayakuwa madogo. Hata hivyo wapigaji wa okestra za Marekani wamelikubali, na wengi wao husema Strad tu, wala hawafikiri fidla.

Namna ya kazi yenyewe yastahili kuelezwa, kwa kuwa wafua shaba wa pwani yetu wataifahamu. Sehemu ya mbele ya tarumbeta, ile iliyopanuka mfano wa ua, hukatwa katika bamba moja la shaba nyembamba. Bamba hukunjwa, pande zake mbili zikakutanishwa na kuunganishwa kwa moto, ikawa kama faneli yenye mshono. Kisha huvikwa juu ya kigongo cha chuma chenye umbo kamili linalotakiwa, ikafuliwa kwa nyundo, ikapashwa moto ili shaba ilegee, ikafuliwa tena. Baadaye hutiwa katika mashine ya kukereza, fundi akaisukuma kwa ubao au chuma laini hata ishike umbo la kigongo bila mkunjo. Kigongo ndicho siri. Nacho kina namba, kama vinywa vilivyo na namba. Mpigaji anayeomba tarumbeta ya Bach namba 37, kwa hakika anataja kigongo kilichozaa ua la tarumbeta hiyo. Nyundo ni ya kale kama agizo alilopewa Musa. Kilichokuwa kipya ni kwamba ua la leo lingelingana na lile la mwaka ujao.

Mwaka 1928 aliongeza tromboni, na mwaka ule karakana ikahamia Bronx. Mwaka 1953 ikahamia Mount Vernon, nje kidogo ya mji wa New York. Miaka ile hatuna mengi ya kuyasimulia, ila kwamba karakana haikuwa kubwa kamwe kama viwanda vya Elkhart, wala mwenyewe hakuonyesha haraka ya kuikuza.

Mwaka 1961, mwenye miaka 71, aliuza. Yasemekana kwamba makampuni mengine yalimtaka, hata mengine kwa fedha nyingi zaidi, naye akachagua Selmer ya Elkhart. Chumba kile cha mwaka 1918 kilikuwa nyuma ya duka lenye jina hilo hilo. Huenda mzee alikumbuka. Baada ya miaka michache mashine, vigongo na vipimo vilifungwa vikachukuliwa kutoka Mount Vernon mpaka Indiana. Hapo ndipo pajaribiwapo dai la maisha yake yote. Kama ubora ulikuwa katika vipimo, basi ungesafiri ndani ya masanduku. Kama ulikuwa katika mikono, ungebaki New York pamoja na mafundi waliobaki. Wapigaji wamebishana juu ya neno hili zaidi ya miaka 50, na tarumbeta za Mount Vernon hutafutwa na kulipiwa sana. Maoni yetu ni kwamba wale wasifuo kila cha zamani huzidisha, maana okestra nyingi zimepiga vizuri kwa tarumbeta za Elkhart. Lakini wale wasemao mikono si kitu nao wamekosa. Mwaka 2006 mafundi wa kiwanda hicho cha Elkhart waligoma, mgogoro ukaendelea kwa miaka mitatu, na katika muda huo watu wengine waliingizwa kazini mahali pao. Vigongo vilikuwa vile vile. Wapigaji hawakuacha kuuliza ni nani aliyeshika nyundo.

Bach mwenyewe aliendelea kuwasaidia wenye kiwanda kwa mashauri yake baada ya kuuza. Alifariki tarehe 8 Januari 1976, mwenye miaka 85.

Twaliandika hili tukiwakumbuka hasa walimu wanaoongoza tarumbeta za makanisa. Desturi ya bendi za shaba kanisani ilikuja Kilimanjaro na Usambara pamoja na wamisioni wa Kijerumani, nayo imeshika mizizi kiasi kwamba kwa Walutheri wengi wa Tanzania Pasaka bila tarumbeta si Pasaka. Katika bendi nyingi vyombo ni vya msaada, vimepitia mikono mingi, na vinywa hugawanywa kama vijiko, yeyote apate chochote. Yafaa mwalimu atazame ubavuni mwa kila kimoja. Pengine atakuta herufi na namba zilizogongwa, huenda zimefifia: 7C, 3C, au nyingine. Mtoto mwenye midomo minene asipewe kile chembamba kwa sababu tu kimebaki. Na mkubwa anayelalamika kwamba mdomo unamwuma baada ya nyimbo mbili asihesabiwe mvivu kabla kinywa chake hakijabadilishwa. Wala asiruhusiwe mtu kukwangua ukingo kwa tupa ili uwe laini, kwa maana milimeta iliyoondoka hairudi.

Na kama katika kabati la kanisa fulani ipo tarumbeta ya Bach iliyochorwa maneno Mount Vernon juu ya ua lake, mwenye kuitunza ajue kwamba ilitengenezwa baina ya mwaka 1953 na miaka ya katikati ya 1960, kabla vigongo havijafungwa masandukuni.